Dada, Mahari Yako Si "Dowry"



Leo hakuna hina wala mitindo ya mabuibui. Nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya neno moja la Kiingereza lililoingia kwenye vikao vyetu vya posa, likakaa kitako, na sasa linakula mali za watoto wa kike. Neno hilo ni "dowry". Kila nikifungua simu nalikuta. "Shoga, dowry yako shilingi ngapi?" "Wakwe wameshaleta dowry?" "Mimi dowry yangu msahafu na juzuu tu, mashallah." Nasema wazi: neno silo, wala halikaribii. Anayeliita hivyo haki yake anajipunja kwa mdomo wake mwenyewe.

Kabla hamjanirukia, mimi si polisi wa Kiingereza. Ukiandika "loose" na ulikusudia "lose", nitakuelewa na maisha yataendelea. Ukiniambia "borrow me your abaya" badala ya "lend me", nitakuazima na wala sitakurekebisha mbele za watu. Wapo wenye tabia ya kuwacheka wenzao kwa mambo hayo, wanapiga picha ujumbe wa mtu na kuusambaza, na hiyo ni dhambi ya kejeli juu ya kosa lisilomuumiza yeyote. Kukosea si aibu. Nililonalo mimi ni neno moja linalokosewa na wasomi na wasio wasomi, na kosa lake linalipwa kwa fedha, na anayelipa ni mwanamke.

Tuanze na maana. Kiingereza kina maneno matatu hapa, na watu huyachota kama mchele na chuya.

"Dowry" ni mali anayotoka nayo bibi harusi kwao. Baba yake ndiye anayetoa, au ukoo wake, na mali hiyo inakwenda nyumbani kwa mume. "Bride price" ni kinyume chake: mali inayotoka kwa mwanamume kwenda kwa wazazi na jamaa wa binti. La tatu, ambalo wengi hawajawahi kulisikia, ni "dower". Linafanana na la kwanza kwa sura tu. Katika sheria za zamani za Uingereza "dower" ilikuwa sehemu ya mali ya mume aliyefariki ambayo mjane alipewa haki ya kuitumia maisha yake yote, hadi ilipofutwa mwaka 1925. Mahakama za India wakati wa Waingereza zilipohitaji neno la kuielezea mahari ya Waislamu, zilichukua hilo. Si tafsiri kamili, maana mahari haisubiri mume afe. Lakini angalau neno linatazama upande sahihi: mali ni ya mke.

Tofauti ya "dowry" na "dower" ni herufi mbili za mwisho. Sasa angalia herufi mbili hizo zilivyo nzito. India ina sheria ya mwaka 1961 inayokataza "dowry" kabisa. Kuitoa au kuipokea ni jinai. Kwa nini? Kwa sababu huko wazazi wa mwali hufilisika, na mume na mama mkwe wasioridhika humtesa binti wa watu ili kwao waongeze. Takwimu za polisi wa India za mwaka 2022 pekee zinahesabu vifo zaidi ya 6,000 vya wanawake katika mambo hayo. Na sheria hiyohiyo, kwenye kifungu chake cha maana ya maneno, inasema kwamba "dower" au mahari ya Waislamu haimo katika katazo. Yaani huko neno moja linakupeleka jela na jingine ni haki yako ya Kiislamu. Na sisi tunakaa ukumbini na vikombe vya chai tunasema "dowry" bila kupepesa macho.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba tamthilia za Kihindi tunazitazama sote. Tunamlilia yule mwali anayesimangwa na mama mkwe kwa kuwa baba yake hakuleta pikipiki na friji. Neno "dowry" linatajwa hapo kwa maana yake halisi. Halafu tamthilia ikiisha tunachukua simu na kumwandikia shoga yetu: "Hongera kwa dowry!"

Mahari ni nini, basi? Hili kila aliyepita chuoni analijua, lakini acha nilirudie, maana huwa tunalijua kichwani na kulisahau kwenye kikao. Aya ya 4 ya Surat An-Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao kuwa ni kitu cha kupewa kwa ukunjufu, na kama wao wenyewe kwa ridhaa yao wataachilia sehemu, hapo mume ndiyo halali kuila. Wanaopewa ni wanawake. Hakutajwa baba, wala ami, wala shangazi, wala kamati ya harusi. Aya ya 20 ya sura hiyohiyo inamkataza mume anayetaka kubadili mke asichukue chochote katika alichompa yule wa kwanza, hata kama alimpa mrundo wa mali. Na mahari haina kima cha chini cha kumtia mtu aibu: katika hadithi mashuhuri ya Sahl bin Saad, Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu atafute japo pete ya chuma, alipokosa hata hiyo akamwozesha kwa sura za Qur'ani alizozihifadhi. Bibi Umm Sulaym, mahari yake ilikuwa Abu Talha kusilimu. Msahafu wako na juzuu zako, dada, viko kwenye ukoo huo mtukufu. Utawezaje kuviita kwa jina la pikipiki na friji?

Naandika haya nikiwa Kamuli. Si ile Kamuli ya Busoga kule Uganda ambayo kila nikitaja ninapoishi watu huikimbilia. Hii ni Kamuli ya Kagera, katika nchi ya Karagwe ya zamani, sasa wilaya ya Kyerwa iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mtu wa Unguja akifika huku hukuta migomba, buni, vilima, na ng'ombe wenye pembe ndefu ajabu. Uganda iko juu yetu, Rwanda iko ng'ambo ya mto Kagera. Na msifikiri Waislamu huku ni wageni wa jana. Karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, hapahapa Karagwe, kwenye njia ya kwenda Buganda. Neno mahari limetembea njia ndefu hadi kufika vilima hivi.

Tatizo ni kwamba limefika na kukuta nyumba ina mwenyewe. Huku, kama kwingi bara, ndoa ni jambo la koo mbili, na upande wa mume hutoa ng'ombe, mbuzi, blanketi la bibi, kanzu ya babu, vitenge vya shangazi, na fedha taslimu. Hiyo ni mila na siitukani. Kumheshimu bibi aliyemlea mtoto kwa kumpa blanketi ni wema. Hata sisi visiwani tuna mkaja wa mama, tuna kilemba cha baba, tuna kipamkono na kiosha miguu na kifungua mlango, na hakuna aliyesema tumekufuru. Lakini sikilizeni: wazee wetu walivipa vitu hivyo majina yake. Mkaja ni mkaja. Kilemba ni kilemba. Mahari ikabaki na jina lake peke yake ili asitokee mtu akaichanganya. Majina yale yalikuwa kama makufuli, kila sanduku na lake.

"Dowry" limekuja kama ufunguo malaya, linafungua masanduku yote. Ng'ombe wa baba ni dowry, blanketi la bibi ni dowry, msahafu wa bibi harusi ni dowry, soda za kikao nazo dowry. Na mahali kama hapa Kamuli linapata nguvu mara mbili, kwa kuwa redio na wasafiri wa Uganda wanaleta "bride price", tamthilia zinaleta "dowry", na vijana wa sekondari wanayatumia yote kwa zamu kama mapacha waliovishwa nguo sawa. Wazee wanaitikia tu. Neno la Kiingereza linaonekana la kisomi, nani atauliza maana yake?

Sasa niwaeleze linavyouma.

Binti mmoja wa hapa jirani aliolewa baada ya kahawa kuuzwa. Kijana Mwislamu, familia Waislamu, sheikh yupo. Karatasi ya makubaliano iliandikwa na kaka yake bibi harusi, msomi wetu, na juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: DOWRY. Chini yake ng'ombe 2, mbuzi 1, blanketi, kanzu, mashuka, na shilingi 1,500,000. Siku ya nikahi sheikh akauliza mahari. Ami yake akajibu kwa haraka, "Dowry imeshalipwa yote, sheikh." Bibi harusi yuko ndani na wanawake, hakuulizwa. Ikaandikwa kuwa mahari imetolewa. Yeye mkononi hakushika hata shilingi mia.

Baada ya miaka miwili ndoa ikamshinda. Sisemi kwa nini, ni mambo yao. Akaomba khului. Nanyi mnajua khului: mke hujivua kwa kumrudishia mume mahari yake, kama mke wa Thabit bin Qays alivyoamriwa na Mtume (s.a.w.) kurudisha bustani aliyopewa. Mume akaja na nini? Na ile karatasi. Akaweka mezani. Ng'ombe 2, mbuzi, blanketi, kanzu, mashuka, milioni moja na nusu. "Dowry yangu yote nirudishiwe." Ng'ombe mmoja alishauzwa ikawa ada ya skuli ya huyohuyo kaka mwandishi. Blanketi limechakaa juu ya kitanda cha bibi. Fedha zilikwenda kwenye turubai, mchele na gari ya kubebea watu. Na anayetakiwa kuvirudisha ni mwanamke ambaye hakupata hata kimoja.

Wazee walikaa mara nne. Sheikh alijaribu kueleza kwamba mahari ni kitu kimoja na zawadi za wazee ni kingine, lakini kila alipofungua mdomo aliwekewa karatasi mbele: sheikh, si imeandikwa hapa, dowry, na wewe mwenyewe uliambiwa ndiyo mahari? Mwisho binti aliuza cherehani yake kuanza kulipa. Cherehani aliinunua kwa jasho lake.

Niambieni tena kwamba ni neno tu.

Na khului ni mlango mmoja. Mume akiacha kabla ya kuingiliana, Surat Al-Baqara aya ya 237 inampa mke nusu ya mahari iliyotajwa. Nusu ya nini, kama iliyotajwa ni mchanganyiko wa mbuzi na kanzu ya babu? Mume akifa na sehemu ya mahari ilibaki deni, deni hilo hulipwa kutoka kwenye mali yake kabla warithi hawajagawana. Mjane atadai kwa karatasi gani, ikiwa mashemeji wanasema "dowry ililipwa yote, tulikuwepo"? Tena ipo hadithi katika Sunan Abi Dawud inayotenganisha kilichotolewa kabla ya kufungwa ndoa na kilichotolewa baada yake, kipi cha mwanamke na kipi cha aliyepewa. Wanazuoni wana maneno yao marefu juu yake, muulizeni sheikh wenu. Ila angalieni jinsi dini ilivyojali kuuliza: hiki ni cha nani? Hilo ndilo swali ambalo "dowry" inalizima.

Kuna wanaoniambia, dada, neno halina kosa, kosa ni la ami mwenye tamaa. Ami ana kosa lake na atalijibu. Lakini maneno yana kazi kwenye mali na kwenye haki, na sisi watu wa Afrika Mashariki tulionyeshwa hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa Kenya ya wakati ule aliamua kwamba ndoa ya kimila ya Waafrika haistahili kuitwa ndoa. Bora iitwe ununuzi wa mke. Lilikuwa neno tu, sivyo? Kwa neno hilo yule mwanamke alikosa hadhi ya mke mbele ya mahakama, na ushahidi wake dhidi ya mumewe ukapokewa kana kwamba hakuna ndoa baina yao. Jaji aliangalia ng'ombe, akaona bei, akaita manunuzi, na mke akatoweka. "Bride price" mpaka leo lina harufu hiyo, kwa sababu ya lile neno la pili, "price". Bei. Ndiyo maana namshangaa msichana wa Kiislamu anayeandika mtandaoni "bride price yangu milioni 5" na maua mekundu pembeni. Mwenzangu, umejibandika bei kama kiatu dukani, na fedha yenyewe kachukua mwingine!

Waganda walilipeleka jambo hili mpaka juu. Shirika la Mifumi lilishitaki, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikasema kutoa mali hiyo ya kimila hakuvunji katiba, lakini kumdai mwanamke au kwao irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Sisi huku Kyerwa tunasikia habari hizo kutoka ng'ambo ya mpaka na wanawake wanafurahi, na mimi pia. Ila uamuzi huo ni wa mali za mila. Mahari ya Kiislamu ina hukumu zake, ikiwemo hiyo ya khului. Mwanamke asiyejua kipi ni kipi hawezi kujitetea kwa hukumu yoyote kati ya hizo mbili. Akisema "dowry" hajui amesimama ng'ambo gani ya mto.

Mwanasheria mmoja msomaji wetu atasema: lakini sheria zenyewe zinatumia "dowry". Kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 41, inalo neno hilo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inalo. Lakini zisome zinasema nini. Ya kwetu inasema ndoa iliyotimiza masharti haibatiliki kwa sababu tu mila za "dowry" hazikufuatwa. Ya Kenya inasema pale "dowry" inapotakiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Zote mbili zinazungumzia mila: ng'ombe wetu, blanketi letu. Hazikuzungumzia kile ambacho Mwenyezi Mungu amekupa mkononi mwako. Kwa hiyo ukiiita mahari yako "dowry", unaitoa kwenye kifungu cha dini na kuipeleka kwenye kifungu cha mila, mahali ambapo wazee wa ukoo ndio wenye sauti. Na zamani serikali ilikwisha kuandika kanuni za mila hizo, mwaka 1963, pamoja na namna mali inavyorudishwa ndoa ikivunjika. Huko ndiko unakokwenda kwa miguu yako.

Hoja ngumu zaidi naipata kwa wenyeji wangu wa hapa, na lazima niipe haki yake. Wanasema: hata Kiswahili chako hakisaidii, maana bara nzima watu wakisema "mahari" wanakusudia ng'ombe. Mkristo hutoa mahari, asiye na dini hutoa mahari, na anayepokea ni baba. Ni kweli kabisa. Neno letu limeshapanuka na sitaweza kulirudisha chupani. Kwa hiyo kusema Kiswahili peke yake hakutoshi. Lakini tofauti ni kwamba ndani ya "mahari" hukumu za Kiislamu bado zinaishi. Sheikh akiisikia anajua aulize: bibi harusi ametaka nini? Ndani ya "dowry" hakuna kitu kama hicho.

Na visiwani msijipigie makofi. Nawajua. Mahari ya binti inapokewa na baba, anaiweka mfuko wa kanzu, na binti hasikii tena habari yake mpaka anakuwa bibi mwenye wajukuu. Mwaliko unaandikwa kwa Kiingereza ili wageni wa Muscat na London wasome, na humo ndimo "dowry" linapoingia kwa mlango wa mbele. Wengine wanaligeuza shindano: nani kapewa seti ya dhahabu, nani kapewa milioni ngapi, na picha zinapandishwa hata kabla ya aqdi. Nilitaka kulisema hilo pia lakini lina siku yake.

Jingine, kwa kuwa tumo kwenye maneno yanayofanana. Kiarabu nacho kina mtego wake hapa. Mahari ya kutolewa papo hapo huitwa muajjal, kwa herufi ain. Mahari ya kubaki deni huitwa muajjal, kwa hamza. Kwa Kiarabu ni maneno mawili tofauti. Ukiyaandika kwa herufi zetu za Kiswahili yanakuwa kitu kimoja! Nimeona karatasi imeandikwa "mahari: dhahabu, muajjal" na mume anasema nitalipa Mungu akijaalia, na mke anasema ilitakiwa siku ileile. Kwa hiyo usiliandike hilo kwa herufi za kizungu. Andika "taslimu", au andika "deni" na tarehe au sharti la kulipwa. Kiswahili hapa kinashinda Kiarabu na Kiingereza kwa pamoja.

Basi mwali wangu, kikao kikikaribia, fanya hivi. Mwite mapema anayekusemea, awe baba, ami au kaka, na umwambie kwa adabu kwamba unataka karatasi mbili. Ya kwanza ina neno "Mahari" juu yake, kitu ulichotaka wewe, kiasi, taslimu au deni, na jina lako kuwa ndiye mwenyewe. Ya pili ni ya wazee, na kila kitu kiandikwe kwa jina lake na jina la anayepewa: ng'ombe wa baba, blanketi la bibi, mkaja wa mama. Kama binti hawezi kulisema mbele ya wanaume, alipitishe kwa shangazi au kwa somo wake, hiyo ndiyo kazi yao. Siku ya nikahi sheikh akiuliza mahari, inasomwa ya kwanza tu. Ikiwa mahari ni fedha, iletwe ndani, uishike, uihesabu, kisha ukitaka kumpa mama yako yote ni hiari yako na ni sadaka nzuri.

Mtasema ni kuleta utata kwenye jambo la heri. Hapa Kamuli familia mbili zimeshafanya hivyo tangu yule binti auze cherehani, na hakuna aliyegombana. Ami mmoja alinung'unika kidogo kwamba karatasi nyingi kama benki. Akapewa chai akanyamaza.

Na kuna swali linalonijia kila mara kutoka kwa walioposwa nje: bwana harusi wangu amekulia Leicester, Kiswahili chake ni "jambo" na "asante", wakwe wanataka kila kitu kwa Kiingereza, niandike nini? Andika "mahr". Waislamu wa Uingereza wanalitumia hilohilo kila siku na atalielewa. Ukilazimika kutumia neno la mahakama, andika "dower", kwa e na r mwishoni, na uangalie simu isilibadilishe yenyewe. Na ami yako akiuliza mbona hujaandika "dowry" kama wenzako, mpe ile karatasi ya pili, ya ng'ombe, aijaze mwenyewe.